Paa la Kupachika

Kazi yenyewe huitwa kukata paa. Kijana ana Toyota Celica ya milango miwili na anaipenda, ila anataka siku za kiangazi apite Barabara ya Shekilango upepo ukimpiga usoni, na masika ikifika paa lirudi mahali pake. Anaingia ua wa nyumba moja ya Sinza, Dar es Salaam, ambako fundi bodi amepanga mitungi ya gesi na makopo ya puti chini ya mwembe, anauliza: "Fundi, kukata paa ni bei gani?" Kabla grinda haijachomekwa kwenye umeme, jina la kazi limeshampotosha.

Neno paa ni la nyumba. Kiswahili kililipa jamaa zake tangu zamani: mwamba unaokaa juu kabisa, kombamoyo zinazoteremka kutoka kwake, pau zinazofungwa juu ya kombamoyo, kisha makuti. Mafundi wa leo wakaongeza kenchi na bati. Katika ukoo wote huo paa ni kitu kinachobebwa. Nguzo na kuta husimama kwanza, paa huja mwisho, na likiondoka nyumba hubaki pale pale. Kila mvua za upepo zinapopita magazeti huandika kwamba nyumba kadhaa zimeezuliwa mapaa, na pichani kuta zinaonekana zimesimama wima, madirisha na milango mahali pake. Mwenye nyumba analia, lakini mlango wake bado unafunga.

Gari dogo la siku hizi limejengwa kinyume chake. Halina chesisi ya kujitegemea. Sakafu, kuta za ubavuni, nguzo na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja, na kila kipande kinachukua sehemu ya mzigo. Ujenzi huu haukuanza jana: Citroën walikuwa wakiuza Traction Avant ya namna hiyo mwaka 1934. Katika gari kama hilo paa halibebwi, linabeba. Linazishika nguzo za mbele na za nyuma zisisogeleane, na linaizuia sehemu ya katikati isibonyee. Ukilitoa bila kuweka kitu badala yake, gari huanza kupinda kwa uzito wake lenyewe. Dalili hujitokeza milangoni: nafasi kati ya mlango na nguzo hubanana juu au kupanuka chini, kitasa kinagoma, na mlango uliofungwa unakataa kufunguka. Kisha njoo kwenye matuta ya mitaa ya ndani ya Sinza, tairi moja ya mbele imepanda tuta na ya upande wa pili bado iko chini. Bodi inajisokota kama kitambaa kinachokamuliwa, na kioo cha mbele kinapata ufa kuanzia kona.

Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito suala la jina. Kukata ni kitendo kimoja kati ya vingi, tena kifupi kuliko vyote. Fundi mmoja aliyekuwa akinyoosha ubavu wa Toyota Noah alinijibu bila kuinua kichwa: "Bosi, kukata hata mtoto atakata. Kukaza ndiyo kazi." Alilolisema ndilo lingepaswa kuwa jina la kazi hiyo.

Tazama kukaza kulivyo. Gari hupandishwa kwenye vigingi vya chuma, likalazwa sawasawa kwa pima maji, milango ikiwa imefungwa. Ndani huchomelewa mabomba ya muda, kutoka nguzo hadi nguzo, ili umbo lisisogee hata kidogo wakati wa kazi. Chini ya milango, kwenye zile kingo mbili ndefu unazozikanyaga ukipanda, huingizwa chuma cha mraba kilicho kinene, kuanzia karibu na tairi la mbele hadi karibu na la nyuma. Nyuma ya viti hukingamishwa bomba la kuunganisha ubavu na ubavu. Fremu ya kioo cha mbele hutiwa nguvu kwa ndani, kwa sababu sasa itasimama peke yake. Yote haya hufanyika paa likiwa bado juu. Baada ya hapo ndipo grinda hupita, mabomba ya muda yakatolewa, na kilichotoka kikaanza maisha mapya: hupigwa ukingo, hutiwa mpira, hufungwa makomeo, na chini ya mpira huchongwa vijifereji vya kuyapeleka maji nje. Wengine hawalirudishi bati lenyewe. Hulitumia kama kiolezo, wakamwita fundi wa faibaglasi, mara nyingi mtu aliyejifunza kazi hiyo kwenye boti, akalitoa paa jepesi ambalo watu wawili wanalinyanyua bila kuumia mgongo. Kwa mji wa pwani nawaunga mkono hao. Faibaglasi haili kutu, na ukingo wa bati uliokatwa ndipo chumvi ya hewa yetu inapoanzia kula.

Si Sinza peke yake wanaofanya hivi. Celica za wazi zilizouzwa Marekani hazikutoka zimekamilika kwenye mikono ya Toyota. Nyingi zilifika California zikiwa na paa la bati, zikaingia kwenye karakana za American Sunroof Company, kampuni iliyoanzishwa na Heinz Prechter mwaka 1965, zikakatwa na kukazwa huko. Kijana wetu wa Sinza anapoulizia kazi ile, anaulizia jambo ambalo kampuni kubwa ililiona linafaa kuachiwa mafundi wa kazi hiyo tu. Hilo limtie moyo, na limtie hofu kiasi.

Wenzetu waliokuwa na magari haya tangu mwanzo waliyapa majina kwa njia ya bahati. Porsche walipoonyesha 911 yenye kipande cha paa cha kutoa, mwaka 1965 pale Frankfurt, waliiita Targa, kwa heshima ya mashindano ya Targa Florio ya kisiwa cha Sisilia. Kwa Kitaliano targa ni kibao, na kibao cha namba za gari nacho ni targa. Kabriole la Wafaransa lilianza kama kigari chepesi cha farasi kilichokuwa kikirukaruka njiani, na jina lake linatokana na mruko wa mwanambuzi. Nayapenda majina hayo kama historia. Lakini fundi akiyasikia hajui akaze wapi, na sioni faida ya kuyaleta gerejini kwa kuyabadilisha irabu za mwisho tu. Wala sikubaliani na "gari la michezo" ninaloliona kwenye tafsiri za haraka haraka: msikilizaji wa Kiswahili atawaza mtoto na gari la kuchezea. Mtaani wanasema gari la spoti na wanaelewana.

Tunalo tayari jina moja lililozoeleka, gari la wazi. Redio hulitumia Rais anapozunguka uwanja kwenye gwaride la Uhuru, na waandishi wa michezo hulitumia Simba au Yanga wanapolitembeza kombe mjini. Ni jina zuri kwa kazi yake, ila linataja hali: gari liko wazi. Halisemi kama lilizaliwa hivyo, kama lilikatwa, au kama lina namna ya kufunikwa mvua ikishuka saa tisa alasiri. Anayelipia kazi hiyo Sinza hanunui uwazi peke yake. Ananunua kwenda na kurudi.

Na kwenda na kurudi ni jambo ambalo vitenzi vyetu vimeumbwa kulisema. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Bandika, bandua. Ezeka, ezua. Irabu chache mwishoni mwa kitenzi zinatengua kilichofanywa, bila kuomba neno la pili. Basi tuzitumie kwa kuchagua, kwa sababu kila jozi ina tabia yake. Suzuki Vitara za turubai wanazokodishwa watalii Unguja zina paa la kukunja, kwani turubai hulazwa nyuma likiwa bado limeshikamana na gari. Land Cruiser za watalii Arusha zina paa la kuinua: kipande cha juu hupanda juu ya miguu yake ili mtu asimame kivulini akamwangalia simba, kisha hushuka. Zile zina chesisi, kwa hiyo ukataji wake hauna hatari sawa na wa Celica, na ni vyema majina nayo yaachane. Neno kuezua nalikataa kwa gari, limebeba upepo na hasara. Kubandua ni kwa kilichogandishwa, plasta au tangazo ukutani. Kutoa kunatosha kwa mazungumzo, ila gerejini kila kitu hutolewa, kuanzia injini hadi tairi.

Nabaki na pachika na pachua. Kupachika ni kukiingiza kitu mahali palipoandaliwa kikakaa. Ndani ya neno hilo yamo makomeo, mpira, ule ukingo uliochongwa na vijifereji vyake. Paa la kupachika linamlazimisha msikilizaji aulize linapachikwa kwenye nini, na swali hilo linampeleka moja kwa moja kwenye nguzo zilizobaki na kwenye kukaza. Kijana akiuliza bei ya "kuweka paa la kupachika," fundi atamtajia bei ya kazi nzima. Akiuliza bei ya kukata, atatajiwa bei ya kukata, na watagombana baadaye.

Sinza na Chuo Kikuu cha Mlimani vimetenganishwa na Barabara ya Sam Nujoma tu. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo hicho, wako upande ule, na BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa lililoundwa mwaka 1967, wana jukumu la kusanifisha istilahi. Sidhani jina la paa litawasumbua. Kinachonisumbua mimi ni vile vyuma vya chini ya milango. Kwenye gari lililokatwa ndivyo vinavyobeba kilichokuwa kikibebwa na paa, na mafundi niliowasikia huvionyesha kwa kidole tu: "hivi vya hapa." Mimi ningeviita boriti. Ni neno la mti wa mkoko, ule uliokatwa delta ya Rufiji ukasafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kubeba dari za nyumba za huko. Nyumbani boriti hukaa juu na kubeba dari. Kwenye Celica isiyo na paa itakaa chini ya miguu ya abiria, kazi ikiwa ile ile.