Nani Aliyeifikisha Pikipiki Vijijini Kagera?

Historia ya pikipiki nchini Tanzania husimuliwa kuanzia bandarini: meli zikashusha makasha ya SanLG, Toyo na T-Better kutoka China, bei ikashuka, bodaboda zikazagaa. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanaishia mjini. Mkulima wa Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba, anayetaka chombo cha kubebea mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, mara nyingi hununua pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wawili watatu, ikafumuliwa na kufungwa upya na mafundi wa pembezoni mwa Bukoba, kama Rwamishenye. Nashikilia kwamba wafanyabiashara wa pikipiki kuukuu na mafundi wao ndio walioifikisha pikipiki kijijini, na historia isiyowataja imekatwa katikati.

Miaka ya 1950, kahawa ilipokuwa na bei nzuri, fahari ya mkulima wa Buhaya ilikuwa baiskeli. Pikipiki ilichelewa. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na hadi mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, pikipiki ilikuwa zaidi chombo cha bwana shamba, cha padri au cha chama cha ushirika. Spea zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mlango ulipofunguliwa, swali halikuwa tena kama pikipiki zitaingia. Swali lilikuwa nani ataweza kuzitunza mbali na maduka ya kampuni.

Jibu lilikuwa limeanza kutengenezwa Japani. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, baada ya wahandisi wake kuona jinsi pikipiki zilivyotumika katika nchi maskini: mizigo mizito, oili isiyobadilishwa, vumbi tupu. Wakaacha taimingi cheni, wakarudi kwenye pushirodi, mfumo wa zamani unaovumilia kusahauliwa na usiohitaji vifaa vingi kuufungua. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa majina chungu nzima. Wengi hudharau uigaji huo, lakini kwa fundi ulikuwa neema, kwa kuwa spea nyingi za jina moja zilikubali kwenye jina jingine na pikipiki iliyokufa ikawa ghala la kuzifufua nyingine. Mtu atasema Boxer na TVS, zinazopendwa sana sasa, zina taimingi cheni. Ni kweli, ila zilipoenea zilikuta mafundi wamekwisha kuiva na maduka ya spea yapo.

Kilichobaki ni mzigo wa kuuza, na huo ulitoka kwa bodaboda. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua pikipiki kama chombo cha abiria, na utaratibu wa mkataba ukashika kasi: kijana analeta hesabu kila siku hadi pikipiki inakuwa yake. Siku inapokuwa yake, imechoka. Hapo ndipo mnunuzi wa vikuukuu anapoingia. Huiwasha injini ikiwa ya baridi na kutazama moshi. Ukiwa wa bluu, oili inaungua, ama ringi zimekwisha au sili za valvu. Bloku huchongwa ili ipokee pistoni iliyozidi kwa robo milimita, safari nyingine nusu, hadi milimita moja, kisha bloku hutupwa. Valvu husagwa, klachi pleti hubadilishwa, na pikipiki inapanda tena milima ya Muleba.

Wapo wasemao mikopo ya pikipiki mpya imeifanya biashara hii ipitwe na wakati. Lakini mkopo wa marejesho ya kila siku unamfaa mwenye kipato cha kila siku. Mkulima hushika fedha msimu wa kahawa, kwa mkupuo, na kwa fedha hiyo pikipiki iliyofungwa upya ndiyo anayoimudu bila deni. Pingamizi la usalama ni zito zaidi, nami silikwepi: chesisi iliyokatika ikachomelewa na kupakwa rangi haifai kuuzwa kwa mtu yeyote. Breki na matairi, kwa upande mwingine, hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko injini, na muuzaji anayeviruka hana utetezi.

Pingamizi la wizi nalo lina ukweli, na dawa yake imo kwenye kadi. Pikipiki nyingi huuzwa mara kadhaa huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza, kwa kukwepa ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Hapo ya halali na ya wizi hufanana. Unayenunua, linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi kabla ya kutoa fedha. Unayeuza, usiiache pikipiki iondoke kabla hamjafika TRA kubadilisha jina, kwa sababu ikigonga mtu au ikitumika katika uhalifu, anayetafutwa kwanza ni wewe.