Chungu na Mirija: Historia Fupi ya Vilabu vya Pombe ya Ulezi Mjini Kampala

Historia ya miji yetu imeandikwa sana kwa kufuata reli, makanisa, misikiti, shule na ofisi za serikali. Ni nadra kuikuta imeandikwa kwa kufuata chungu cha pombe. Hata hivyo, katika mitaa ya wafanyakazi, nyumba ya pombe ilikuwa mojawapo ya nyumba chache ambazo mgeni aliyetoka mbali aliweza kuziingia akakaa kitako na watu wasio wa kabila lake. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi asili ya vilabu vya pombe ya ulezi, ambayo watu wengi wa Uganda huiita malwa, na namna vilivyoota mizizi mjini Kampala. Hatukusudii kuusifu ulevi, wala hatumwiti msomaji yeyote akanywe. Tunataka kuonyesha mambo mawili tu: kwamba vilabu hivyo vilikuwa, na bado ni, kazi ya mikono ya wanawake iliyolisha na kusomesha watoto, na kwamba vilikuwa darasa la Kiswahili lisilo na mwalimu.

Yafaa tuanze na nafaka yenyewe. Ulezi ni mmea wa kwetu. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, baina ya Uhabeshi na Uganda, ndipo ukasafiri hadi Bara Hindi. Ni nafaka inayokaa ghalani miaka mingi bila ya kuliwa na wadudu, na kwa sababu hiyo ilikuwa akiba ya njaa na akiba ya sherehe pia. Katika sehemu za mashariki na kaskazini mwa Uganda, miongoni mwa Wateso hasa, pombe yake huitwa ajon, na kuipika ni kazi ya wanawake. Huko Buganda hali ilikuwa tofauti. Pombe ya asili ya Waganda ni ya ndizi, nayo ilipikwa na wanaume: ndizi mbivu zilikanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, kisha maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Ndiyo maana Waganda huiita mwenge bigere, yaani pombe ya miguu. Tofauti hii ya mkono wa mwanamke na mguu wa mwanamume msomaji aikumbuke, kwa maana mjini ni mkono wa mwanamke uliopata soko kubwa.

Upikaji wa pombe ya ulezi hauna haraka. Mpishi husaga ulezi, akaukanda kwa maji uwe donge, kisha akalifunika na kuliacha likae siku kadhaa, kwa kawaida karibu juma zima, hata liwe chachu. Baadaye hulikaanga juu ya bati au kikaango kipana, huku akiligeuzageuza mpaka liwe la rangi ya kahawia na litoe harufu nzuri ya mkate uliochomwa. Wakati huohuo ulezi mwingine huloweshwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Huo ndio unaoitwa kimea. Donge lililokaangwa na kukaushwa likichanganywa na maji na kimea, mchanganyiko huumuka kwa siku mbili, tatu au nne. Mwenye kufahamu huutambua ukomavu wake kwa sauti ya povu na kwa harufu, wala hahitaji kipimo. Tukihesabu siku zote hizo, tutaona kwamba chungu kinachonywewa Jumamosi kilianza kushughulikiwa wiki mbili kabla yake. Atakayesema kwamba pombe ya kienyeji ni kazi ya watu wavivu hajapata kumwona anayeipika.

Pombe hii hainywewi kwa glasi. Ute wake mzito hutiwa chunguni, ukaongezwa maji ya moto, na wanywaji wakakizunguka chungu kila mmoja na mrija wake mrefu, ambao ncha yake ina kichujio cha kuzuia machicha. Zamani mrija ulikuwa wa mmea na kichujio kilisukwa kwa nyasi. Siku hizi mirija mingi ni ya plastiki. Desturi hii ya kunywa pamoja kwa mirija ni kongwe mno duniani. Leonard Woolley alipochimba makaburi ya Uru, katika nchi ambayo leo ni Irak, baina ya mwaka 1922 na 1934, alivumbua katika kaburi la Malkia Puabi mirija ya kunywea iliyotengenezwa kwa madini ya thamani. Na katika mihuri ya zama hizo, yapata miaka 2500 kabla ya Kristo, wamechorwa watu walioketi wakifyonza kwa mirija kutoka mtungi mmoja. Hatusemi kwamba Wateso waliiga kwa watu wa Uru, wala watu wa Uru kwa Wateso. Tunasema tu kwamba penye pombe ya nafaka isiyochujwa, akili ya binadamu iliufikia mrija.

Huko shambani pombe haikuwa bidhaa. Ilikuwa malipo ya shukrani kwa majirani waliokuja kulima au kuvuna, ilikuwa sehemu ya mahari, matanga na ibada, na ilikuwa na adabu zake. Mnywaji hakushika mrija kwa mkono wa kushoto, hakupuliza ndani ya chungu, na wakwe hawakukizunguka chungu kimoja. Mji ndio uliogeuza zawadi kuwa biashara. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931, na baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ziliongezeka: ujenzi wa bwawa la Owen Falls huko Jinja, viwanda, polisi, jeshi na kazi za manispaa. Wanaume walikuja kutoka Teso, Acholi, Lango, Bugisu na magharibi mwa Kenya, wengi wao bila ya wake zao. Hawakupenda sana pombe ya ndizi. Walitamani ladha ya kwao. Mwanamke aliyejua kukaanga ulezi, na ambaye hakuwa na shamba wala cheti cha shule, akaona kwamba anao mtaji ndani ya viganja vyake.

Wachunguzi Aidan Southall na Peter Gutkind walipokichapisha kitabu chao juu ya vitongoji vya Kampala mwaka 1957, waliieleza Kisenyi kuwa ni mtaa uliojaa wapika pombe na wauza pombe, wengi wao wanawake waliojitegemea. Kisenyi wakati ule ilikuwa chini ya serikali ya Kabaka, si chini ya manispaa, kwa hiyo sheria kali za mji hazikuufikia moja kwa moja. Upande wa mashariki, serikali ya kikoloni ilijenga mitaa ya nyumba za kupanga ya Nakawa na Naguru, ambako wafanyakazi wa makabila mengi walikaa ukuta kwa ukuta. Mitaa hiyo ndiyo aliyoichunguza David Parkin katika kitabu alichokitoa mwaka 1969. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka 2011, wenyeji wake wakatawanyika. Lakini desturi ya chungu iliyokuzwa katika mitaa ya namna ile ingali hai.

Ama kuhusu sheria, hapana budi tuseme wazi kwamba kwa muda mrefu haikuwa rafiki wa chungu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuwauzia Waafrika vileo vikali vya Ulaya katika sehemu kubwa ya bara hili. Pombe za kienyeji ziliachwa, lakini mara tu zilipoanza kuleta fedha mjini, watawala walizikodolea macho. Huko Durban, Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1908 iliipa manispaa haki ya peke yake ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika, na faida yake ikagharimia utawala wa haohao Waafrika. Wanawake waliopokonywa riziki yao hawakunyamaza: waliandamana dhidi ya kumbi za manispaa mwaka 1929, na wakaandamana tena huko Cato Manor mwaka 1959. Mfano wa Durban ulifika Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ilipofungua ukumbi wake wa pombe Pumwani. Miaka hiyohiyo, mwaka 1922, kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa. Uganda ilipata Uganda Breweries mwaka 1946 na Nile Breweries mwaka 1951. Tangu hapo chupa ikawa alama ya ustaarabu, na chungu kikawa alama ya ushamba.

Uhuru haukuipindua mizani hiyo. Sheria ya enguli ya mwaka 1965 nchini Uganda iliwataka watu wanaotonesha kileo kikali majumbani wawe na leseni na wakiuze kwa kiwanda chenye idhini, ambacho kilikisafisha na kukitia katika chupa. Neno waragi lenyewe ni la kutazamwa na walimu wa lugha. Wengi husimulia kwamba linatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita. Lakini sauti yake inakaribiana zaidi na araki, neno la Kiarabu lililoenea kwa Waturuki na kwa askari wa Kisudani walioletwa Uganda. Tusichanganye, hata hivyo, kileo cha kutoneshwa na pombe ya kuumuliwa. Mwaka 2010 waragi iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu huko Kabale. Chungu cha ulezi hakina hatari ya namna hiyo, ingawa kinaweza kumlevya mtu na kuimaliza mishahara.

Inafaa hapa tulinganishe. Huko Marekani viwanda vya bia vilikuwa vimemezana hata vikabaki chini ya 100 katika miaka ya 1970. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya kuwaruhusu watu kupika bia majumbani mwao. Kutokana na uhuru huo mdogo vikazaliwa viwanda vidogo vya mitaani, vyenye ukumbi wa kunywea palepale penye mapipa, na leo nchi hiyo ina zaidi ya viwanda 9,000. Watu husafiri kwenda kuvitembelea, wakaonja, wakamwuliza mpishi habari za nafaka yake. Kile kinachosifiwa kule kama uvumbuzi, yaani pombe kunywewa mlangoni pa aliyeipika, kwetu hakijapata kukoma. Tofauti ni kwamba huko mpishi huitwa fundi, na hapa aliitwa mhalifu.

Tulipovitembelea vilabu kadhaa vya mashariki ya Kampala tulikuta utaratibu ambao wengi wasiovijua hawaudhanii. Wanywaji wa chungu kimoja ni chama. Wana mwenyekiti, mweka hazina na faini za mtu anayetukana au anayechelewesha mchango wake. Mwenzao akifiwa, wanachanga. Mwenye nyumba huzunguka na birika la maji ya moto, akaongeza kila chungu kinapopoa, na anamjua kila mteja na deni lake. Maisha haya yalipata pigo kubwa serikali ilipofunga nyumba zote za pombe mwezi Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Shule zilifunguliwa tena tarehe 10 Januari 2022. Nyumba za pombe zilifunguliwa tarehe 24 Januari. Kwa mama anayesomesha watoto kwa chungu, wiki mbili hizo zilikuwa na maana moja: ada ilidaiwa kabla wateja hawajarudi.

Sasa tuje kwenye lugha. Kitabu cha uchunguzi wa lugha nchini Uganda, kilichotolewa na Peter Ladefoged na wenzake mwaka 1972, kilionyesha kwamba yapata theluthi moja ya watu waliweza kuzungumza Kiswahili, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Wakati huo Kiswahili kilikuwa na nafasi ndogo mno madarasani. Walikipata wapi, basi? Walikipata jeshini, polisi, relini, sokoni na penye chungu. Mteso, Mluo, Mgisu na Mnubi waliokaa duara moja hawakuwa na lugha nyingine iliyo ya wote. Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikuwa wakikisikia kwa askari wenye bunduki, na doa hilo likadumu. Lakini penye chungu kilikuwa lugha ya kuomba kiti, kupeana zamu, kusuluhisha ugomvi na kuombeana radhi. Hicho nacho ni Kiswahili cha Uganda, na hakikumtisha mtu.

Wako walimu wanaokicheka Kiswahili cha kilabuni kwa kuwa mtu husema kiti mbili badala ya viti viwili. Ni kweli kwamba darasani hatuna budi kufundisha upatanisho ulio sahihi. Lakini msemaji wa kiti mbili tayari anajua kukaribisha mgeni kwa Kiswahili. Anahitaji kuongezewa, si kudharauliwa. Kiswahili kiliingizwa katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto watakaofundishwa watarudi kwa wazazi ambao wengine walijifunza lugha hiyo bila ya kitabu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo moja lililo katika uwezo wa kila mwalimu. Tuwaendee wapishi wazee, mchana, wakati wa kazi, na kuandika majina ya vyombo, hatua na vipimo vyao: kimea, chachu, machicha, kikaango, kichujio, na majina ya lugha za kwao yanayolingana nayo. Bati na plastiki vinachukua mahali pa udongo na nyasi, na kitu kikitoweka jina lake hulifuata upesi. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wapika ulezi hawajapata kusifiwa hata hatari hiyo iwafikie. Wanachostahili kwanza ni kuulizwa, na maneno yao kuandikwa kwa usahihi.