Futuhi ya Vituko: Istilahi ya Vichekesho vya Filamu Bubu

Istilahi ya Kiingereza “slapstick” ilitokana na kifaa cha jukwaani, yaani vibao viwili vyembamba vilivyounganishwa mpinini, ambavyo waigizaji wa vichekesho nchini Italia walivitumia kuchapana kwa kishindo bila kuumizana. Baadaye jina hilo lilihamia kwenye uigizaji wowote ambamo kicheko huzaliwa na mwili unaoteleza, unaogongwa au unaokimbizwa, na filamu bubu, yaani filamu zisizo na sauti iliyorekodiwa, ndizo zilizoukuza uigizaji huo hadi mwishoni mwa miaka ya 1920.

Kwa kuwa wanafunzi wa fasihi nchini Kenya tayari huiita “futuhi” tamthilia ya kichekesho kilichotiwa chumvi, inafaa kuuita uigizaji huo “futuhi ya vituko”. Neno “vitimbi”, lililoenezwa na kipindi cha televisheni cha Mzee Ojwang' na Mama Kayai, halitoshelezi, kwani vitimbi ni hila ambazo aghalabu hujengwa kwa maneno, ilhali kituko hueleweka kwa kutazamwa tu. Sifa hiyo ni muhimu katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kama Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, ambako wakazi walitoka pande zote za nchi, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa maana kituko cha filamu bubu hakihitaji mkalimani.

Umaarufu wa Charlie Chaplin, ambaye filamu zake zilizungushwa na magari ya sinema Afrika Mashariki, umewafunika waigizaji wenzake wengi wa filamu bubu, ingawa wao ndio wanaouthibitisha zaidi uwezo wa sanaa hii. Sharubu na bakora ya Chaplin huchekesha kabla hajatenda lolote, lakini mmoja wa wenzake hao, Charley Chase, anayeonekana kama karani yeyote mwenye suti, hulazimika kukitafuta kila kicheko kwa tendo. Katika *Mighty Like a Moose* (1926), iliyoongozwa na Leo McCarey, mume mwenye meno yaliyochomoza (Chase) na mke mwenye pua kubwa wanatengenezwa sura kila mmoja kwa siri, wanakutana njiani bila kutambuana, kisha wanaanza kutongozana. Mume anapong'amua, anaigiza peke yake ugomvi baina ya mwenye mke na hawara, akizicheza nafsi zote mbili.

Vijana wa Eastlands wanaorekodi vichekesho kwa simu wana mengi zaidi ya kujifunza kwa Chase kuliko kwa Chaplin, kwani Chase huonyesha jinsi mtu wa kawaida, asiye na vazi la ajabu wala jina kubwa, anavyoweza kueleweka na kuchekesha kokote.