Sahani ya Siku ya Pili

Watu wa mwambao wana desturi ya kuvunja jungu. Shabani inapokaribia kwisha hupikwa vya kupikwa, jamaa wakakusanyika, wakala wakashiba kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Anayejua kwamba kesho hatakula mchana, leo hula zaidi. Na aliyeshinda na njaa jana, leo hufidia. Wanasayansi waliopima funga ya kupishanisha siku walikuwa na wasiwasi wa fidia hiyo hiyo, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla hawajaona kwamba tumbo la binadamu halilipi deni lote.

Funga yenyewe ni ya kale. Waislamu huiita saumu ya Daudi: kufunga leo, kula kesho. Katika hadithi ya Abdullah bin Amr, Mtume aliitaja kuwa bora ya saumu za hiari. Lakini swali la kiasi gani kiliwe siku ya pili, kwa mizani na hesabu, lililetwa na maabara.

Mwaka 1946, watafiti Anton Carlson na Frederick Hoelzel wa Chicago walichapisha matokeo ya panya walionyimwa chakula siku 1 kati ya 4, siku 1 kati ya 3, au siku 1 kati ya 2. Siku nyingine waliachiwa wale watakavyo. Hoelzel alikuwa mtu wa vituko vyake: aliwahi kumeza hata pamba ili kuituliza njaa yake mwenyewe. Panya waliofunga waliishi muda mrefu zaidi, madume kwa takriban asilimia 20 na majike kwa asilimia 15, na mpango uliofaa kuliko yote ulikuwa ule wa siku 1 kati ya 3.

Muongo mmoja baadaye ikaja zamu ya wazee wa Madrid. Daktari Vallejo aliwagawa wakazi 120 wa nyumba ya kutunzia wazee katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na mlo wa kawaida. Jingine, siku moja lilipewa lita ya maziwa na matunda, kama kalori 900, na siku iliyofuata kalori 2,300. Hali iliendelea hivyo kwa miaka mitatu. Waliopishanisha siku walilazwa kwa jumla ya siku 123, wenzao siku 219. Walifariki 6 dhidi ya 13. Watu ni wachache mno kuthibitisha habari ya vifo. Zaidi ya hapo, mzee wa nyumba ile hajipakulii: sahani ya siku ya pili ilipimwa jikoni, kwa hiyo hakuna aliyejua angekula kiasi gani kama sufuria ingekuwa mbele yake.

Jibu lilianza kuonekana Marekani mwaka 2005. Watu 16 wasio wanene walifunga kabisa kila baada ya siku moja kwa siku 22. Siku za kula waliruhusiwa chochote, hata mara mbili ya kawaida yao. Ruhusa ya namna hiyo wengi wangeiota! Hata hivyo walipungua uzito kwa asilimia 2.5, ingawa njaa ya siku za kufunga hawakuizoea kamwe.

Mwaka 2012 mwandishi wa habari Michael Mosley aliitangaza kwenye televisheni ya Uingereza funga ya siku mbili kwa wiki: kalori 500 kwa wanawake, 600 kwa wanaume. Siku tano zilizobaki hakuzihesabia kitu, na huenda hilo ndilo lililowavutia wengi.

Mtafiti Krista Varady wa Chicago yeye alizihesabu siku za kula. Katika jaribio lake la mwaka mmoja lenye watu 100, lililochapishwa 2017, wafungaji waliagizwa kwa miezi sita ya mwanzo wale asilimia 25 ya mahitaji yao siku ya kufunga, na asilimia 125 siku ya kula. Walishindwa kote kuwili. Siku ya kufunga walizidisha, na siku ya karamu hawakuimaliza sahani waliyoandikiwa. Asilimia 38 waliacha kabla ya mwisho, dhidi ya asilimia 29 ya waliopunguza kidogo kila siku. Kwa uzito, wakilinganishwa na wasiobadilisha mlo, wafungaji walipungua asilimia 6.0 na wenzao wa kila siku 5.3, tofauti isiyotosha kumtangaza mshindi.