Keekee na Biti: Historia ya Jina Moja la Ufundi na Makali Yake

Makala haya yanahusu kifaa kidogo, nacho ni chuma cha kutobolea. Katika karakana za nyumbani huko Kedowa, kwenye njia ya reli kati ya Londiani na Kipkelion, chuma hicho huitwa biti, na mashine inayokizungusha huitwa drili. Katika kamusi zetu tunakuta keekee. Mwanafunzi akiuliza, huambiwa kwamba jina la kwanza ni la mitaani na la pili ndilo sanifu, na suala likaishia hapo. Nakusudia kuonyesha kwamba majina haya mawili hayakuwa ya kitu kimoja, na kwamba tofauti yake yaonekana wazi pale chuma kinaponolewa.

Tuanze na keekee. Edward Steere, ambaye mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili ulitoka mara ya kwanza mwaka 1870, hakutosheka na jina la jumla. Alitaja sehemu nne: chuma chenyewe, yaani kekee, mti ambamo chuma kimekazwa, yaani msukano, mpini wa juu ambamo msukano huzungukia, yaani jivu, na uta wa kuuzungushia. Kamusi ya Johnson ya 1939 ikayahifadhi majina hayo. Habari za namna hii hazipatikani ila kwa mtu aliyesimama karibu na fundi akamwuliza. Na fundi wa pwani alikihitaji kifaa hiki kila siku. Mtepe, kile chombo cha pwani ya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, haukuweza kuundwa bila ya kutoboa safu ya matundu ukingoni mwa kila ubao. Majahazi ya misumari nayo yalitobolewa kwanza ili mbao zisipasuke.

Hebu tulitazame neno msukano. Asili yake ni kitenzi -suka, si kwa maana ya kusuka nywele au ukili, bali kwa ile ya kutikisa kwenda na kurudi, kama tusemavyo kusuka maziwa. (Tusilichanganye na usukani, ambalo ni la Kiarabu.) Uta huvutwa, ukarudishwa, chuma kikazunguka kulia, kisha kushoto. Kitenzi -pekecha kina mwendo uo huo, kwani anayepekecha moto huuzungusha ulindi baina ya viganja vyake, akienda na kurudi. Kwa hiyo msamiati wa zamani wa kutoboa ulijengwa juu ya mwendo wa pande mbili. Chuma chenyewe kiliufuata mwendo huo: kilikuwa bapa, chenye ncha mfano wa mkuki, kimetiwa makali pande zote mbili ili kikwangue kila kinapogeuka. Kukinoa hakukuhitaji elimu ya pekee. Aliyejua kunoa kisu kwa kinoo, au kutumia tupa, aliweza kunoa keekee.

Biti ina nasaba nyingine kabisa. Katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, Frederick Howe wa kiwanda kimoja cha bunduki mjini Providence aliona mafundi wake wakichonga kwa tupa ya mviringo mifereji iliyosokotwa kuzunguka ufito wa chuma, kazi ya mkono iliyokula muda mwingi. Alimweleza Joseph Brown, naye Brown akabuni mashine ya kuchonga mifereji hiyo. Mwaka 1863 Stephen Morse wa Massachusetts akapata hataza ya biti yake ya msokoto. Mifereji ile hutoa nje unga wa chuma wakati biti inapozama, jambo lisilowezekana kwa chuma bapa. Lakini makali yake hukata upande mmoja tu. Ukiifunga kwenye uta, kila uta unaporudi biti huzunguka bure. Kwa maneno mengine, biti ya msokoto haikuwa keekee iliyoboreshwa. Iliuondoa uta, na pamoja na uta ukaondoka msukano, jina na kitu chake.

Ilifikaje nyanda za juu? Reli iliyofika Port Florence, yaani Kisumu ya leo, mwezi wa Desemba 1901, ilipita Kedowa pamoja na mafundi kutoka Punjab na masanduku yao ya zana. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaanza kilimo kikubwa cha chai Kericho, na kiwanda cha chai hakiendi bila karakana. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ikafungua chuo cha ufundi Kabete. Kwa njia hizi zikaenea nati, bolti, spana, na biti. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzetu wanaomlaumu fundi wa bara kwa kuliacha neno la Kiswahili. Fundi wa Kedowa, ambaye lugha yake ya mama ni Kikipsigis, hakuliacha neno keekee kwa sababu hakuwahi kuwa nalo. Kifaa kilimfikia pamoja na jina lake.

Kilichomfikia bila jina ni elimu ya kukinoa, na jambo hili lataka maelezo marefu kidogo. Ncha ya biti ya kawaida ina pembe ya nyuzi 118, maana yake kila mdomo umelala nyuzi 59 kutoka kwenye mhimili. Fundi huusogeza mdomo kwenye jiwe la grainda (cherehe, wasema wanakamusi) ukiwa mlalo. Ukishagusa, hushusha shina la biti polepole huku akilizungusha kidogo, ili sehemu iliyo nyuma ya mdomo iliwe zaidi kuliko mdomo wenyewe, kadiri ya nyuzi 8 hadi 12. Kisha hugeuza na kufanya vivyo hivyo upande wa pili, bila kuzidisha wala kupunguza. Midomo isipolingana, mmoja hufanya kazi yote, na tundu hutoka pana kuliko biti. Sehemu ya nyuma isiposhuka, biti husugua badala ya kukata, ikapata moto, na ikiwa ni ya chuma cha kawaida ikageuka buluu na kulainika. Chuma kilichobuniwa na Taylor na White huko Pennsylvania karibu na mwaka 1900 hustahimili moto huo, ila hakipendi kutumbukizwa majini kingali cha moto, kwani huweza kupasuka nyufa ndogo zisizoonekana.

Kipimo cha pembe hakinunuliwi. Nati mbili za pembe sita zikiwekwa bavu kwa bavu huacha baina yake pengo la nyuzi 120. Ncha ikikaa humo bila mwanga kupenya, yatosha. Kwa mabati fundi hubadili umbo: ncha ya kawaida huyashika na kuyararua, tundu likawa la pembe tatu, basi midomo hulazwa karibu iwe tambarare na kuachwa kinundu katikati cha kushikia. Na kwa mbao, asipokuwa na biti, hutwaa msumari, akauponda uwe bapa na kuutia makali kwa tupa. Hiyo ni keekee tupu, imerudi kwa mlango wa nyuma ikazungushwa kwa umeme, na hakuna anayeiita hivyo.

Vijitabu vyetu vya istilahi hupanga nomino, navyo hutungwa mezani. Kunoa biti ni vitenzi: kugusa, kushusha, kuzungusha, kugeuza. Kijana asiyeelezwa hayo hujifunza kwa kukodoa macho, na kabla hajaelewa ameshazila biti kadhaa za mwajiri wake. Katika karakana moja ya Kedowa, iliyo nyuma ya nyumba chini ya paa la mabati, nilimsikia mwanagenzi akiuliza, “Fundi, mbona haili?” Jibu lilikuwa, “Mgongo uko juu kuliko mdomo.” Maneno mawili yalitosha kueleza kosa ambalo vitabu vya mafunzo hulichorea michoro. Mdomo na mgongo, basi, vipo tayari, na mfereji pia nimeusikia. Hatuna haja ya kuvitungia vingine, wala ya kuwapelekea mafundi msukano usio na kazi. Keekee ya msokoto laweza kufaa vitabuni kama jina la jumla, iwapo mhariri ataona biti ni geni mno.

Limebaki lile kali fupi la katikati, mifereji inapokutana, ambalo halikati bali husukuma, na ndilo linalomchosha fundi biti inapokuwa nene. Hulipunguza kwa kona ya jiwe, kazi ngumu kuliko zote nilizozitaja. Nilimwuliza anaitaje sehemu hiyo. Aliigusa kwa ukucha wa kidole gumba, akasema, “Hapa.”