Tarakimu ya Tatu Baada ya Nukta

Mwaka 1892, katika maabara yake ya nyumbani huko Terling, Uingereza, Lord Rayleigh alikuwa akifanya kazi inayojulikana na kila anayesoma kemia sekondari: kupima densiti. Ugumu ulikuwa kwamba alipima gesi. Alitoa hewa kwa pampu kwenye tufe la kioo, akalipima likiwa tupu, akalizungushia barafu inayoyeyuka ili jotoridi libaki nyuzi 0, akalijaza nitrojeni, akalipima tena. Upande wa pili wa mizani alining'iniza tufe jingine la ukubwa uleule, ili hewa ya chumbani iyainue yote mawili sawasawa.

Nitrojeni moja aliipata kwa kuondoa oksijeni hewani kwa shaba ya moto. Nyingine aliipata kwa kuchanganya hewa na amonia, kisha kuipitisha kwenye shaba ya moto. Hii ikawa nyepesi kwa sehemu moja hivi katika elfu.

Nikifundisha mada hii, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Mwanafunzi akipata jibu lisilolingana na la kitabu, hushawishika kulipika hadi lilingane. Rayleigh aliitafutia tofauti ile njia ya kukua. Alitumia oksijeni tupu badala ya hewa, ili nitrojeni yote itoke kwenye amonia, na tofauti ikapanda hadi sehemu moja katika mia mbili. Aliandika barua kwenye jarida la Nature kuomba ushauri wa wanakemia. Aliposhuku kwamba hidrojeni imejipenyeza, aliiongeza kwa makusudi kisha akaiondoa. Uzito ukabaki uleule. Mwishowe namba zilisimama hivi: nitrojeni ya hewani gramu 1.2572 kwa lita, ya kemikali 1.2505.

Mwanakemia William Ramsay akaipitisha nitrojeni ya hewani juu ya magnesi ya moto, inayoifyonza. Ikabaki gesi isiyofyonzwa, yenye spektra ya mistari ya rangi ambayo hakuna elementi iliyojulikana kuwa nayo. Mwaka 1894 wawili hao wakaitangaza: ni agoni. Mwanasayansi Henry Cavendish alikwisha kuiona mwaka 1785, kiputo kisichozidi sehemu moja katika 120 ya nitrojeni yake, na kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyekifuatilia.

Hesabu yake inatosha ubaoni. Densiti ya agoni ni 1.784. Toa 1.2505 kwenye 1.2572, upate 0.0067, gawanya kwa 0.5335, ambayo ni tofauti ya agoni na nitrojeni. Jibu ni kama asilimia 1.26 ya agoni katika nitrojeni ya hewani, na kiwango kinachokubalika leo ni karibu 1.2.

Kwa hiyo kwenye ripoti ya jaribio nataka namba iliyosomwa kwenye mizani, hata ikipingana na kitabu. Vitabu vya kemia vya mwaka 1891 vilikosa elementi nzima, nayo imo katika kila pumzi tunayovuta.