Kiapo na Ukweli: Kesi ya Nyerere ya Mwaka 1958

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: kashfa, kiapo, ushahidi.

Tuanze huko kwenu Kirua Vunjo. Tuseme watu wamekutana kuzungumza habari za mfereji wa maji. Mtu mmoja anasimama na kusema, "Diwani wetu amekula fedha za mfereji." Kama maneno hayo ni kweli, amewafaa watu wote. Kama ni uongo, amemharibia mwenzake jina, na maji yakimwagika hayazoleki. Maneno ya kumharibia mtu jina huitwa kashfa. Diwani aweza kwenda mahakamani, na ninyi mliokuwapo mwaweza kuitwa mashahidi.

Nchi yetu iliona kesi kubwa ya kashfa mwaka 1958. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Bwana Julius Nyerere alikuwa Rais wa TANU, chama kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Katika gazeti la chama, Sauti ya TANU, aliandika kwamba wakuu wa wilaya wawili, wa Musoma na wa Songea, walitumia vibaya madaraka yao dhidi ya TANU. Serikali ikamshitaki. Angalieni jambo hili: haikuwa kesi ya madai, ambayo mtu humdai mwenzake fidia. Ilikuwa kesi ya jinai, na mshitakiwa akishindwa aliweza kufungwa.

Kesi ilianza Dar es Salaam mwezi wa Julai. Watu wengi walikwenda kusikiliza. Kati ya mawakili wa Nyerere alikuwapo Bwana D. N. Pritt, aliyetoka Uingereza. Ndiye aliyemtetea Jomo Kenyatta katika kesi ya Kapenguria huko Kenya.

Sasa tutazame namna ushahidi unavyotolewa. Kwanza shahidi hula kiapo. Mkristo huapa kwa Biblia, Mwislamu kwa Kurani, na asiyetaka kuapa kwa dini huthibitisha kwamba atasema kweli. Kisha huulizwa na upande uliomwita. Baadaye huulizwa na upande wa pili, nao humbana ili kupima maneno yake. Shahidi husema aliyoyaona kwa macho yake na aliyoyasikia kwa masikio yake. Akisema, "Watu wanasema diwani ni mwizi," hajatoa ushahidi wa wizi. Ameleta uvumi tu. Na akisema uongo makusudi baada ya kuapa, amefanya kosa kubwa, naye aweza kufungwa.

Kwa sheria ya wakati ule, mtu aliyeshitakiwa kwa kashfa aliweza kujiokoa kwa kuonyesha mambo mawili: kwamba maneno yake yalikuwa kweli, na kwamba kuyatangaza kulikuwa na faida kwa watu wote. Mzigo huo ulikuwa mzito. Mtu aweza kujua moyoni kwamba ameonewa, lakini kuonyesha mbele ya hakimu ni kazi nyingine. Huhitaji mashahidi, barua, tarehe na majina.

Nyerere alipotoa ushahidi wake hakumsukumia mtu mwingine lawama. Alikubali kwamba habari ile ni yake. Akaeleza kwamba aliiandika ili Serikali iyaangalie malalamiko ya watu. Hivyo maneno aliyoyaandika gazetini aliyasimamia mbele ya hakimu.

Mwezi wa Agosti hakimu alitoa hukumu. Nyerere alionekana ana hatia, akaambiwa alipe faini ya shilingi 3,000 au aende jela miezi 6. Wako waliodhani atachagua jela ili Waingereza waaibike. Lakini hebu hesabuni. Miezi 6 tangu Agosti 1958 yafika Februari 1959. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulikuwa ufanyike kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kiongozi angekuwa kifungoni wakati chama kinamhitaji kuliko siku zote. Faini ikalipwa.

Jimbo la Kaskazini, ambalo Moshi ilikuwamo, lilikuwa katika sehemu ya kwanza ya uchaguzi huo. Bwana Solomon Eliufoo wa Machame akaingia Barazani. Watu waliokuwa upande wa TANU walishinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru.

Wasikilizaji, kesi ile yatufundisha nini? Mwananchi ana haki ya kumsema kiongozi anayekosea. Pasipo haki hiyo fedha za mfereji zitaliwa, na maji hayatafika shambani. Lakini kiongozi naye ana jina, kama wewe. Kabla ya kusema, jiulize: je, neno hili naweza kulisema tena nikiwa nimeapa? Kama waweza, liseme bila hofu. Kama huwezi, kwanza tafuta ukweli wake.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kesi ya madai na kesi ya jinai zinatofautianaje?
2. Kwa nini uvumi si ushahidi?
3. Kama ungekuwa Nyerere, ungelipa faini au ungekwenda jela? Toa sababu.